Kabla Mtoto Hajapanda Basi: Taarifa Ambazo Familia Inazihitaji Kuhusu Kambi ya Masomo

SOMO LA ROBO HII KWA KAMATI ZA PAROKIA



Katika toleo hili tunapenda kuwaletea somo juu ya kambi za masomo za likizo. Hizi ni zile kozi za bweni kwa watoto waliomaliza darasa la saba na ambao wanasubiri kuanza kidato cha kwanza. Wenzetu wa Ulaya na Marekani wana shule zao za kiangazi, ambapo watoto hulala shuleni kwa wiki kadhaa wakati wa likizo. Kwetu Tanzania likizo ndefu inaangukia mwisho wa mwaka, lakini jambo ni lile lile: mtoto anaondoka nyumbani, mara nyingi kwa mara ya kwanza, na familia inabaki na maswali.

Somo hili linahusu maswali hayo. Lengo lake ni kuisaidia kila kamati inayoandaa kambi, au inayopeleka watoto katika kambi ya parokia nyingine, kuandaa taarifa za kutosha kwa familia. Tunaomba lisomwe na kujadiliwa katika kikao kimoja kabla ya mwezi Septemba.

1. KWA NINI KAMBI HIZI ZIPO

Mtihani wa darasa la saba hufanyika mwezi Septemba. Kidato cha kwanza huanza Januari. Katikati hapo mtoto anakaa zaidi ya miezi mitatu bila shule. Wapo wanaosaidia shambani, na hilo ni jema. Lakini wapo pia wanaochukuliwa kwenda mjini kufanya kazi za ndani, na wasichana wengine huanza kuposwa kabla hata matokeo hayajatoka. Baadhi yao hawarudi tena darasani.

Sababu ya pili ni lugha. Mtoto wa shule ya msingi ya Serikali amesoma Hisabati, Sayansi na masomo mengine kwa Kiswahili kwa miaka saba. Akiingia kidato cha kwanza, masomo karibu yote yanafundishwa kwa Kiingereza. Walimu wengi wanatuambia kwamba mtoto mwenye akili hukaa kimya nyuma ya darasa kwa sababu haelewi maneno, wala si kwa sababu haelewi somo. Wiki sita za kambi hazimalizi tatizo hili, ila zinampa mtoto maneno ya kuanzia na ujasiri wa kunyosha mkono.

Kwa hiyo kambi ni kitu chema. Hata hivyo, wema wa kambi haumwondolei mzazi haki ya kujua mwanawe anakwenda wapi, atalala na nani, na atapatikanaje akiugua.

2. TULIVYOJIFUNZA KWA UCHUNGU

Tunaona vema tuwasimulie jambo lililotupata sisi wenyewe, ili kamati nyingine zisirudie kosa letu.

Mwaka mmoja tuliandikisha watoto chini ya mwembe nje ya ofisi. Wazazi walipanga foleni, na karani aliwauliza kwa sauti, mmoja baada ya mwingine, wengine wakisikiliza. Swali la afya lilikuwa moja tu: "Mtoto ana ugonjwa wowote?" Karibu wote walijibu hapana. Tukafurahi kwamba tumepata watoto wenye afya njema.

Usiku wa pili wa kambi, binti mmoja alianguka kifafa bwenini. Wenzake walikimbia nje wakipiga kelele. Mlezi wa bweni, kwa nia njema, alijaribu kumtia kijiko mdomoni, jambo ambalo halifai kabisa, na akamjeruhi ufizi. Tulipopiga simu namba iliyoandikwa kwenye fomu, ilikuwa ya jirani, naye alikuwa safarini. Mama wa mtoto alipata habari siku ya tatu.

Alipofika hakutugombeza. Alitoa dawa za mtoto kutoka kwenye pindo la kanga. Alikuwa amezibakiza nyumbani akiogopa kwamba wenzake wangeziona na kumcheka. Halafu akasema maneno ambayo hatujayasahau: "Mngeniuliza peke yangu, ningewaambia."

Binti yule alikwenda nyumbani na mama yake, akarudi baada ya siku nne, akamaliza kozi. Lakini siku zile nne tulikaa na kujiuliza. Hatukuwa tumekosa chakula, wala walimu, wala fedha. Tulichokosa ni mazungumzo ya dakika kumi na mama, na karatasi moja yenye namba sahihi ya simu. Tangu hapo tumeyafanya mambo hayo mawili kuwa kazi ya kwanza ya kila kambi.

3. MAMBO TISA AMBAYO FAMILIA INAPASWA KUYAJUA

(a) Nani anaendesha kambi, na kwa ruhusa ya nani

Karatasi ya taarifa itaje jina la mahali, tarehe ya kufungua na ya kufunga, jina la msimamizi mkuu, na jina la mlezi wa bweni la wasichana na la wavulana. Kabla ya kutangaza kambi, kamati iende kwa Afisa Elimu na Afisa Ustawi wa Jamii wa wilaya kueleza mpango wake na kupata maelekezo. Kumbukeni kwamba Serikali inaangalia sana suala la kulaza watoto: mwaka 2023 Wizara ya Elimu ilizuia huduma ya bweni kwa watoto wa elimu ya awali hadi darasa la nne. Kwa hiyo mzazi akiomba kuja na mdogo wake mwanafunzi, mwenye miaka minane, "ili wakae pamoja", jibu ni kwamba haiwezekani.

(b) Gharama zote, pamoja na zile ndogondogo

Familia nyingi huambiwa ada ya kambi peke yake. Baadaye zinakuja nauli, daftari, sabuni, mchango wa picha na mchango wa mahafali. Mzazi anaona aibu, anakopa. Tangu Januari 2016 ada ilifutwa katika shule za sekondari za Serikali kwa kidato cha kwanza hadi cha nne, lakini sare, viatu, madaftari na godoro bado ni juu ya mzazi. Kambi isije ikala fedha ya sare ya Januari. Andikeni jumla yote kwenye mstari mmoja, elezeni wahisani wamechangia kiasi gani na familia itachangia kiasi gani, na mseme wazi kama malipo ya awamu au ya mazao yanakubalika.

(c) Safari ya kwenda

Andikeni basi linaondoka wapi, saa ngapi, na linafika saa ngapi. Mtoto asikabidhiwe kwa kondakta peke yake. Watoto wa kigango kimoja wasafiri pamoja na mtu mzima mmoja ambaye wazazi wanamfahamu. Atakayewapokea stendi ajulikane kwa jina, na namba yake iandikwe kwenye daftari la kila mtoto, kwa sababu simu huzimika na karatasi hupotea. Ratiba ipangwe ili watoto wafike kabla ya saa 12 jioni. Wakishafika, msimamizi apige simu au atume ujumbe kwa kila familia usiku ule ule. Mzazi hapati usingizi mpaka asikie neno "wamefika."

(d) Vitu vya kuleta

Orodha iwe fupi, na iwe ya vitu ambavyo kijiji kinavyo. Sisi tunatumia hii:

- Shuka mbili na blanketi moja (sehemu za baridi kama Njombe au Lushoto, mablanketi mawili na sweta)
- Chandarua chenye dawa
- Ndoo moja yenye mfuniko, sahani, kikombe na kijiko
- Nguo za kubadilisha, kandambili na viatu vya kufunga
- Sabuni ya mche, mswaki na dawa ya meno
- Kwa wasichana: taulo za kike na kanga mbili
- Kaunta buku mbili, kalamu na penseli
- Tochi

Kila kitu kiandikwe jina la mtoto. Elezeni pia vitu visivyoruhusiwa: mishumaa, vibatari, viberiti, na fedha nyingi. Kama kambi ina magodoro, semeni, kwa sababu tumewahi kumwona bibi ameuza kuku wanne kununua godoro ambalo halikuhitajika. Na kama familia haina uwezo wa kununua kitu fulani, iwepo njia ya kusema hivyo kwa siri kwa mjumbe mmoja wa kamati, ili mtoto asifike mikono mitupu mbele ya wenzake.

(e) Afya

Hapa ndipo tulipojikwaa, na hapa tunaomba kamati zikae kwa muda mrefu zaidi.

Mzazi au mlezi aulizwe faraghani, na mtu ambaye anajua kutunza siri. Swali "ana ugonjwa wowote?" halitoshi. Ulizeni jambo moja moja: Je, huwa anaanguka au kupoteza fahamu? Ana pumu? Ana seli mundu? Anatumia dawa yoyote kila siku? Kuna chakula au dawa inayomdhuru? Bado anakojoa kitandani? Ameshaanza hedhi? Amelazwa hospitali mwaka huu?

Majibu yaandikwe kwenye fomu inayowekwa kwenye kabati lenye kufuli, na yajulikane kwa mlezi wa bweni na mhudumu wa afya peke yao. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inataka taarifa za mtu zitumike kwa lengo zilizokusanyiwa, nazo taarifa za afya zinahitaji uangalifu wa pekee. Hii ni muhimu hasa kwa watoto wanaotumia dawa za kupunguza makali ya virusi vya UKIMWI. Mtoto wa namna hiyo hapaswi kukosa dozi hata siku moja kwa kuogopa macho ya wenzake. Mpangeni mahali na wakati wa kunywa dawa bila kuonekana.

Mlezi wa bweni afundishwe mambo ya msingi. Mtoto akianguka kifafa: ondoa vitu vigumu karibu naye, mlaze ubavu, weka kitu laini chini ya kichwa, usimtie chochote mdomoni, usimshike kwa nguvu, angalia saa. Ikipita dakika tano bila kuacha, au akianguka tena kabla ya kuzinduka, apelekwe hospitali mara moja. Kifafa hakiambukizi kwa mate wala kwa povu, na watoto wote waelezwe hivyo.

Kuhusu malaria, mtoto mwenye homa apelekwe kupimwa, asipewe dawa ya kubahatisha. Mtoto aliyeanza dawa ya mseto nyumbani aje na vidonge vilivyobaki na kumaliza dozi yake. Aidha, kadi ya bima ya afya, kwa aliye nayo, ije pamoja na mtoto. Familia ielezwe zahanati au kituo cha afya kilicho karibu ni kipi, na nani atalipa mtoto akitibiwa.

(f) Chakula na ratiba ya siku

Wazazi wanapenda kujua mtoto atakula nini. Waambieni ukweli. Kama ni uji asubuhi, ugali na maharage mchana, wali mara moja kwa wiki, andikeni hivyo. Ratiba ya siku nayo iandikwe: saa ya kuamka, vipindi, michezo, kufua, maombi na kulala. Kama kambi inapokea watoto wa dini au madhehebu mengine, familia zielezwe mapema kwamba hawatalazimishwa kuhudhuria ibada isiyo yao, na chakula kitaheshimu miiko yao. Jirani yetu Mwislamu akituamini na mtoto wake, imani hiyo ni amana.

(g) Simu na kutembelewa

Weka siku na saa maalumu ya kupiga simu, kwa mfano Jumapili kuanzia saa 8 hadi saa 11 mchana. Andikeni namba mbili za kambi, za mitandao tofauti, kwa sababu kuna vijiji ambako mtandao mmoja tu ndio unaoshika. Wazazi wasio na salio wabipu, kambi ipige. Kutoka kwa kila familia chukueni namba mbili: ya mzazi, na ya mtu mwingine ambaye yuko kijijini siku zote. Namba hizo zijaribiwe pale pale siku ya kujiandikisha. Hatua hii inachukua dakika moja tu.

Siku ya kutembelea iwe moja, katikati ya kozi, na ielezwe kwamba asiyeweza kuja si mzazi mbaya. Mtoto ambaye hatatembelewa atengewe mlezi wa kumtembeza siku hiyo.

Waandaeni wazazi kwa jambo hili pia: siku nne au tano za kwanza mtoto anaweza kulia kwenye simu na kuomba kurudi. Mara nyingi ni upweke wa kawaida, nao hupungua akipata marafiki. Mzazi amsikilize, amtie moyo, kisha azungumze na mlezi. Lakini kama mtoto anataja mtu fulani anayemwogopa, au hataki kusema sababu, au sauti yake imebadilika kabisa, mzazi asiambiwe "atazoea." Jambo hilo lifuatiliwe siku hiyo hiyo.

(h) Usalama na ulinzi wa mtoto

Tunaanza na moto, kwa sababu nchi yetu ina majeraha. Mwezi Agosti 2009 wasichana 12 walipoteza maisha bweni lao lilipoungua katika Shule ya Sekondari Idodi, mkoani Iringa, na chanzo kilichoelezwa ni mshumaa. Septemba 2020 wanafunzi wasiopungua 10 wa shule ya msingi walikufa kwa moto wa bweni wilayani Kyerwa, Kagera. Septemba 2024 wenzetu wa Kenya walizika wavulana 21 baada ya moto wa bweni katika kaunti ya Nyeri. Kwa hiyo, kamati ikague bweni kabla ya watoto kufika. Madirisha yasiwe na nondo zisizofunguka. Milango iwe miwili, inayofunguka kwa nje, na isifungwe kwa kufuli kutoka nje usiku. Vitanda visizibe njia. Watoto wafanye zoezi la kutoka nje gizani katika siku mbili za kwanza. Namba ya Zimamoto, 114, ibandikwe ukutani. Mzazi ana haki ya kuliona bweni kabla ya kumwacha mtoto, na kamati imkaribishe bila kinyongo.

Jambo la pili ni watu. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtambua kila aliye chini ya miaka 18 kuwa ni mtoto, na inamtaka kila mwanajamii anayejua kwamba mtoto anadhuriwa atoe taarifa. Karatasi ya familia iandike kanuni za kambi: hakuna viboko, mtu mzima hakai na mtoto mmoja chumbani mlango ukiwa umefungwa, mgeni wa kiume haingii bweni la wasichana. Ioneshe pia pa kulalamika nje ya kambi: Afisa Ustawi wa Jamii, Dawati la Jinsia na Watoto la Polisi, na namba 116 ya Huduma ya Simu kwa Mtoto, ambayo haitozwi. Kamati nyingine zinaogopa kuandika namba hizo zikidhani zinajitia doa. Uzoefu wetu ni kwamba wazazi wakiziona, wanatuamini zaidi.

Hapa tunaongeza neno juu ya picha. Wahisani wanapenda kuona picha za watoto, na sisi tunapenda kuzituma. Lakini mzazi aombwe ruhusa kwa maandishi, aelezwe picha itatumika wapi, na akikataa, mtoto asitengwe wala asipunguziwe msaada.

(i) Kurudi nyumbani

Andikeni nani anaruhusiwa kumchukua mtoto siku ya kufunga. Mjomba aliyekuja na pikipiki bila kutajwa kwenye fomu asubiri mpaka mzazi athibitishe kwa simu. Baada ya wiki mbili, mjumbe wa kamati aitembelee familia: Mtoto amefikaje? Amepangiwa shule ipi? Sare imepatikana? Mtoto aliyemaliza kambi lakini hakuripoti kidato cha kwanza Januari ni habari ambayo kamati inapaswa kuipata mapema, wakati bado kuna la kufanya.

4. NAMNA YA KUFIKISHA TAARIFA

Karatasi nzuri inayobaki mfukoni mwa mtoto haimsaidii mtu. Tunashauri mambo manne.

Kwanza, fanyeni mkutano mmoja wa wazazi na walezi, siku ambayo si ya gulio wala ya kupanda. Karatasi isomwe kwa sauti yote, kipengele kwa kipengele, kwa sababu walezi wengi ni mabibi ambao hawakupata nafasi ya kusoma.

Pili, iandikwe kwa Kiswahili chepesi, na pale inapobidi ielezwe kwa lugha ya nyumbani. Kozi ni ya Kiingereza, lakini barua ya mzazi isiwe ya Kiingereza.

Tatu, ziwe nakala mbili. Moja inabaki nyumbani. Nyingine inawekwa saini au dole gumba na kurudi kambini.

Nne, acheni nafasi ya maswali, na muulize wazazi kwanza wanaogopa nini. Katika mkutano mmoja baba alisimama akasema hofu yake ni mto ulio karibu na shule. Sisi hatukuwa tumeufikiria. Tukaweka kanuni ya kutoteka maji bila mtu mzima. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo, na safari hii waliohitaji kuuliza walikuwa sisi.

5. NENO KWA WAHISANI

Baadhi yenu mmetuuliza kwa nini bajeti ya kambi ina mstari wa "mawasiliano na familia." Swali ni la haki. Mstari huo unalipia nakala za karatasi, salio la simu, nauli ya mjumbe anayetembelea nyumba za mbali, na chai ya mkutano wa wazazi. Ni fedha ndogo ukilinganisha na chakula au posho za walimu, na ndiyo ambayo huwa rahisi kufutwa fedha zikipungua. Tunawasihi isifutwe. Darasa lisilo na ubao wa pili litaendelea. Kambi ambayo haiwezi kumpata mama saa nane usiku haipaswi kufunguliwa.

6. MFANO WA BARUA KWA FAMILIA

Kamati inaweza kunakili barua hii na kujaza nafasi zilizo wazi.

Mpendwa Mzazi/Mlezi wa ____________,

Tunakushukuru kwa kutuamini na mtoto wako. Kambi itafunguliwa tarehe ______ na kufungwa tarehe ______ mahali paitwapo ____________. Msimamizi ni ____________, simu ______. Mlezi wa bweni ni ____________, simu ______.

Basi litaondoka ____________ saa ______. Atakayesafiri na watoto ni ____________. Tutakujulisha usiku ule ule watakapofika.

Mchango wako wote ni shilingi ______. Hakuna mchango mwingine utakaodaiwa baadaye.

Tafadhali njoo tarehe ______ tuzungumze faraghani kuhusu afya ya mtoto. Utakachotueleza kitabaki siri, wala hakitamfanya akose nafasi bila kwanza kushauriana nawe.

Unaweza kumpigia mtoto Jumapili saa ______ hadi saa ______. Kukiwa na dharura, piga saa yoyote. Siku ya kutembelea ni ______. Ukitaka kuliona bweni kabla ya siku hiyo, unakaribishwa.

Ukiwa na lalamiko ambalo hutaki kutueleza sisi, piga 116 au mwone Afisa Ustawi wa Jamii.

Anayeruhusiwa kumchukua mtoto siku ya kufunga: ____________

Saini au dole gumba la mzazi/mlezi: ____________

7. MASWALI YA KUJADILI KATIKA KAMATI

1. Katika parokia yetu, watoto waliomaliza darasa la saba mwaka jana wako wapi leo? Tunawajua wote kwa majina?
2. Mara ya mwisho tulipopeleka watoto kambini, mzazi alipata taarifa gani kwa maandishi? Ni ipi kati ya mambo tisa haya iliyokosekana?
3. Nani kati yetu anaaminiwa na akina mama kiasi cha kuambiwa siri ya afya ya mtoto? Je, yumo kwenye kamati?
4. Nani atakwenda kukagua bweni, na ataripoti lini?
5. Familia isiyoweza kulipa mchango wote itasaidiwaje bila kuaibishwa?

Ni matumaini yetu kwamba somo hili litazisaidia kamati kujiandaa mapema. Tunaomba mtuandikie mlichoongeza au mlichopunguza kwenye barua ile, ili toleo lijalo liwanufaishe na wengine. Na mtakapokaa kuandikisha watoto mwaka huu, tafuteni chumba chenye mlango, viti viwili, na dakika kumi kwa kila mama.